Mkono wa Kulia

Wilgarra, Australia Magharibi
Jumapili, 9 Juni

Mwalimu Clem,

Umesema huko mgodini simu haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji, na ndege ya barua inakuja Jumanne na Ijumaa. Basi nimenunua karatasi na bahasha. Mama wa dukani akaniuliza, "Lorna, kuna msiba?" Nikamwambia bado.

Jana niliendesha saa mbili na nusu hadi Perth kumwona Kirra. Ni wiki ya nne tangu mgongane angani. Nyonga wameiunga kwa vyuma, paja limekaa sawa, lakini mguu wa kushoto hauna hisia kuanzia gotini kwenda chini. Mama yake, Bi Maureen, alinikuta kwenye korido na bakuli langu la makaroni ya jibini. Akalipokea, akaliweka sakafuni kama anamwekea mbwa, akasema, "Umeshamletea ya kutosha." Kirra akapaza sauti kutoka ndani: "Mama, mwache dereva wa basi aingie, labda kapotea njia." Mdomo wake u mzima. Nilikaa dakika ishirini. Tuliongea habari za kondoo wa yule daktari wa mifugo aliyemwajiri. Mruko wetu hatukuugusa.

Klabuni hakuna anayenitukana. Ingekuwa afadhali. Ferdie, ambaye ndiye anayesimamia miruko tangu uondoke, ananiambia "yametokea, Lorna, yametokea," halafu ananipa kazi ya kukunja maparachuti ndani ya banda. Nikitoka nje kuvuta hewa, nasikia mazungumzo yanaanza tena nyuma yangu.

Video ya kamera ya Kirra nimeitazama hadi naiota. Naonekana mimi nikianza kubingirika juu yako, nalala chali, mabawa wazi, nageuka, halafu picha inazunguka: mbingu, shamba, mbingu, shamba. Wewe huonekani, kamera ilikuwa inanifuata mimi. Na mimi nilikuwa nimekupa mgongo. Kwa hiyo aliyeona ni wewe peke yako. Umewaambia watu kwamba nilikutelezea, ukanikwepa, ukamgonga Kirra. Naamini. Lakini mwili wangu haukulihisi hilo kosa, na nitarekebishaje kitu ambacho sikukihisi? Niambie nilifanya nini. Mkono gani, mguu gani, sekunde ipi.

Nina miaka arobaini na minne. Nimeendesha basi la shule miaka kumi na sita kwenye barabara ileile. Kuruka na suti ya mabawa ndicho kitu cha kwanza nilichojifunza ukubwani bila mtu kuniomba nijifunze. Kama ni kumuuliza mtu niache au nisiache, basi nakuuliza wewe.

Wako,
Lorna Petchell


Kambi ya mgodi, Pilbara
Ijumaa, 14 Juni

Dereva!

Barua yako imefika ikiwa na vumbi jekundu hata ndani ya bahasha. Huku kila kitu ni chekundu, mpaka mashuka. Wamenipa lori ambalo tairi lake linanizidi kimo mara mbili. Nakaa juu kule kama chifu, nabeba mawe ya chuma kutoka shimoni kwenda kwenye kinu, kutoka kinuni kwenda shimoni, saa kumi na mbili kwa siku. Mpishi wetu ni Mtonga mmoja wa visiwa vya Tonga anayetupikia nyama ya kondoo kila siku ya Mungu. Karibu tutaanza kulia mee.

Usiache. Nakuambia kama mwalimu wako: katika watu wote niliowafundisha, wewe ndiye unayesikiliza.

Sasa somo. Ulipolala chali, mkono wako wa kulia ulikawia wazi. Bawa moja likishika upepo na la pili halijashika, unateleza upande. Ulinijia karibu mita tatu. Dawa yake ni hii: ukianza tu kugeuka, vuta mkono wa kulia kifuani, mapema na kwa nguvu. Usingoje kuona mbingu. Anza sakafuni, mara hamsini kila asubuhi. Halafu nenda juu peke yako, utoke kwenye ndege futi elfu kumi na nne, pasiwe na mtu karibu. Ikizoeleka, rudi kuruka na wenzako.

Usinitumie video. Macho yangu siku hizi hayapatani na skrini.

Kirra nitamwandikia mwenyewe. Na Lorna, makosa yanatokea. Mimi sikulaumu.

Clem Varcoe


Wilgarra
Jumapili, 7 Julai

Mwalimu,

Lile neno lako la mwisho nimelisoma mara nyingi. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia hunilaumu. Ahsante.

Nimetengeneza ubao wa magurudumu, nalala juu yake gereji na kujigeuza mara hamsini kabla ya kwenda kuwasha basi. Jirani alinichungulia, akaniuliza kama nauza mashine ya mazoezi. Juu nimeshapanda mara tisa. Mkono nauvuta mapema kama ulivyosema. Ferdie alinifuata kwa mbali mara mbili, akaniambia tukiwa chini, "Unavuta mkono kama mtu anayemficha ndege shakwe chipsi zake. Nani kakufundisha hivyo?" Nikamwambia Clem. Akakuna kidevu. "Kama ni Clem, sawa."

Ila kuna jambo. Nikivuta mkono kwa nguvu, kichwa kinatupwa kushoto, na mara moja nilimaliza nikiwa nimeelekea nyuma nilikotoka. Najua nitakuwa ninakosea mahali. Nivute taratibu kidogo? Au miguu ndiyo imechelewa?

Kirra amehamishiwa wadi ya mazoezi. Anatembea hatua sita na magongo, ya saba anatukana. Safari hii Bi Maureen hakuwepo, na kwa mara ya kwanza Kirra aligusa habari ya mruko. Alisema, "Lorna, Clem amewahi kukuambia alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ananikwepa mimi."

"Mtu anayekwepa anatumia mikono. Nilimwona kabla hajanigonga, upande wa jicho. Mikono yake ilikuwa inaning'inia. Kama nguo kwenye kamba."

Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nilimwambia ulikuwa umeokoa maisha yangu na si vizuri kutafuta wa kumtupia lawama. Akanyoosha mkono. "Haya," akasema. "Nipe hayo maji." Nikiwa njiani kurudi nilijisikia vibaya, maana ndiye aliyeumia na mimi ndiye niliyemfokea.

Anasema hajapata barua yako. Labda imepotea?

Lorna


Kambini
Jumanne, 16 Julai

Lorna,

Kwa ufupi, maana zamu zimebana na mwili umechoka. Juzi nilisimamisha lori kando ya barabara nikasinzia bila kutaka. Joto hili.

Mtu akigongwa namna ile, kichwa kinajitengenezea picha zake. Nimeona wengi, na wanaapa kabisa. Usibishane na Kirra, mwache apone.

Kuhusu mkono: usipunguze nguvu. Vuta mapema zaidi, na ukunje goti la kulia pamoja nao. Kichwa kitatulia chenyewe ukizoea.

Clem


Wilgarra
Jumapili, 25 Agosti

Mwalimu,

Wiki tano kimya. Natumaini ni kazi tu.

Ijumaa klabu ilikuwa na mkutano wa mwaka. Niliomba nafasi ya kusema. Sikuwa nimeandika kitu. Nilisimama mbele ya ile friji ya bia, watu thelathini na kitu wamekaa kwenye viti vya plastiki, nikasema: mwezi Mei nilipiga mbingiriko vibaya juu ya Clem, kwa sababu mkono wangu wa kulia ulichelewa, na kwa ajili hiyo Kirra Dalziel huenda asitembee tena sawasawa. Nikasema naomba radhi kwa Kirra, kwa mama yake, kwako na kwa wote. Bi Maureen alikuwa nyuma karibu na mlango. Sikujua kama angekuja. Alitoka nje kabla sijamaliza. Wengine walipiga makofi, na makofi yenyewe yaliniuma kuliko kimya. Ferdie alinikumbatia, akasema, "Sasa tufunge ukurasa. Jumamosi ijayo unaruka na mimi."

Kwa hiyo tarehe thelathini na moja, saa tatu asubuhi, mimi na Ferdie. Yeye chini, mimi napita juu yake kwa mbingiriko, halafu tunashikana mikono. Sijaruka karibu na mtu tangu Mei. Nitafanya kama ulivyonifundisha: mkono mapema, kwa nguvu, na goti pamoja nao. Kichwa bado kinatupwa, lakini nimeamua ni woga wangu.

Mashamba ya kanola yamechanua yote kuzunguka uwanja. Ukiwa juu ni kama mtu kamwaga rangi ya njano. Ungekuwepo ungesema neno la kipuuzi nikacheka.

Lorna


Wilgarra
Jumapili, 1 Septemba

Mwalimu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, samahani kwa mwandiko.

Niko hai, Ferdie hajaguswa. Hayo kwanza.

Tulitoka vizuri. Nilimwona chini yangu, suti yake ya kijani juu ya ile njano yote, nikasema sasa. Nikavuta mkono na goti kama ulivyosema, mapema kabisa. Sikubingirika, Clem. Nilikatika. Bawa la kushoto lilikuwa wazi lote, la kulia halikuwepo, na upepo ukanikamata ukanizungusha kama pia ya watoto. Chali, nimelala bapa, nazunguka. Kila nilipotaka kurudisha mkono, ulikuwa umekandamizwa kifuani kana kwamba mtu ameukalia. Damu yote ilikimbilia kichwani. Nilianza kuona wekundu pembeni, halafu wekundu kila mahali.

Nilikumbuka kitu kimoja tu ulichonifundisha mwaka wa kwanza: ukishindwa kuruka, acha kuruka. Nikafunga kila kitu, mikono, miguu, nikajikunja kama mtoto. Mzunguko ukapungua lakini haukuisha. Saa ya kimo, inayoonya ardhi ikikaribia, ikanipigia kelele sikioni. Nikafungua parachuti nikiwa bado nazunguka, kamba zikajisokota mpaka shingoni, nikalikata, nikafungua la akiba. Nilitua katikati ya kanola, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Nililala pale nikisikia nyuki.

Ferdie alikuja anakimbia huku analia. Mwanaume wa miaka hamsini na minane. "Nilidhani nimekuua," alikuwa anasema, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Sehemu nyeupe ya macho yangu yote imekuwa nyekundu kama nyanya. Daktari anasema ni mishipa midogo imepasuka, itachukua wiki tatu. Basi la shule wamempa mtu mwingine kwa sasa.

Ferdie ameniambia ulipiga simu klabuni asubuhi ileile, saa mbili, ukauliza upepo ukoje. Sijui kama unajua jambo hilo limenigusa vipi. Umepanda juu ya tangi kwa ajili yangu. Nimekuangusha, mwalimu. Nimefanya kila ulichosema na bado nimeshindwa. Nadhani ni wakati wa kuacha.

Lorna


Kambini
Jumapili, 1 Septemba

Lorna,

Sijui kama unasoma hii ukiwa kitandani, au kama kuna mtu mwingine anaisoma kwa niaba yako. Sijapata habari yoyote ya jana. Barua yako ya tarehe ishirini na tano nimeipata Ijumaa jioni.

Jana asubuhi nilipanda juu ya tangi na kupiga simu. Ferdie alipokea. Nilikuwa nimejipanga kusema, "Usimruhusu Lorna apande." Ni maneno matatu. Nikamuuliza upepo. Akasema wa mashariki, taratibu, siku nzuri. Nikasema haya, nikakata. Nilikaa juu ya lile tangi mpaka chuma kikaanza kuniunguza.

Hukufanya kosa lolote mwezi Mei. Mkono wako haukuchelewa. Mbingiriko wako ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Mwezi Machi, nyumbani, nilijikuta sakafuni jikoni, bomba linamwaga maji, ulimi nimeung'ata. Nikasema ni uchovu. Aprili ikarudi. Sikumwambia mtu, wala daktari, maana nilijua jibu: usiruke, usiendeshe gari, usifundishe. Ningebaki na nini? Siku ile ya Mei nakumbuka uko juu yangu, umelala chali, mabawa yako yamejaa. Nilifikiri, huyu sasa amejua. Kitu kinachofuata ninachokumbuka ni bega langu likiuma na Kirra hayupo. Kirra aliona sawasawa. Mikono yangu ilikuwa inaning'inia kwa sababu mimi sikuwemo.

Tulipotua watu walikuwa wananiuliza, "Imekuwaje? Imekuwaje?" na wewe ulikuwa umesimama pale, ukasema mwenyewe, "Ni mimi? Nilimgusa?" Ulinifungulia mlango, Lorna, nami nikapita. Nikasema nilikukwepa. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu zaidi kurudi.

Halafu ukaandika ukiniuliza mkono gani. Nikakuundia kosa. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda changu nikiwaza ni kosa gani litaaminika. Uliponiambia kichwa kinatupwa, nilijua kwa nini. Mtu yeyote anayefundisha angejua. Nikakuambia uvute zaidi.

Hapa mgodini imenitokea mara tatu. Moja nikiwa ndani ya lori. Niliamka limepanda tuta la kando, nikamwambia msimamizi nilimkwepa kangaruu. Wiki hii nitawaambia.

Sijui niombeje.

Clem


Wilgarra
Ijumaa, 6 Septemba

Clem,

Barua yako imeletwa saa nne asubuhi. Saa nne na robo nilikuwa nimeshampata mtu wa usalama hapo mgodini. Nilimwambia, "Mna dereva anayezimika." Akauliza jina. Akasema, "Yuko barabarani sasa hivi, na mzigo." Nikamsomea mistari yako kama ulivyoiandika. Akaweka simu mezani, nikamsikia anaita kwenye redio.

Jumapili uliandika "wiki hii nitawaambia". Leo Ijumaa ulikuwa bado umekaa kwenye lori lile. Kuna watu wanafanya kazi chini ya barabara hiyo kwa miguu, yule mtu wa usalama ameniambia.

Nimejaribu kuandika mengine na nimechana karatasi nne. Nilisimama mbele ya watu thelathini nikaomba radhi. Bi Maureen alinisikia. Zaidi ya miezi miwili nimelala kwenye ubao gereji kila asubuhi nikijifunza uongo wako mpaka ukaingia kwenye misuli. Na nilikushukuru. Nilikuandikia ahsante.

Barua zako zote nampelekea Kirra kesho. Halafu Ferdie.

Lorna


Perth, kwa dada yangu
Jumatano, 18 Septemba

Lorna,

Waliniita kwa redio: "Varcoe, simama. Zima. Vuta breki. Usishuke, tunakuja." Niliposikia sauti yake nilijua ni wewe. Nilifanya walivyosema. Nitakuambia jambo la aibu: nilifurahi. Nilikaa pale juu nikafurahi kwamba mtu mwingine amelisema.

Walinipandisha ndege siku ileile. Hospitali hapa wamenipiga picha za kichwa. Nina kovu kwenye ubongo, huenda ni la ule mtuo mbaya wa miaka tisa iliyopita. Ni kifafa. Wamenipa dawa. Leseni ya gari wamechukua, ya kufundisha nimeirudisha mwenyewe pamoja na maelezo ya maandishi ya siku ya Mei. Nimesaini. Wakaguzi wa miruko wameniambia watanihoji mwezi ujao.

Nimemwandikia Kirra. Safari hii nimeandika kweli. Ile ya Juni haikupotea, haikuwahi kuwepo.

Ferdie alinipigia. Aliposikia sauti yangu akakata.

Siombi unisamehe. Naomba usiache kuruka kwa sababu yangu. Rudi mahali ulipokuwa tarehe kumi na moja Mei, asubuhi, kabla yangu. Pale ulikuwa sahihi.

Clem


Wilgarra
Jumapili, 13 Oktoba

Clem,

Nimekawia kwa sababu sikuwa na kitu cha kukuambia ambacho kingefaa kuwekwa kwenye bahasha.

Kirra alizisoma barua zako zote mbele yangu, bila kuinua kichwa. Siku hizi yuko nyumbani kwa mama yake, barabara ya kwenda kwenye maghala ya ngano. Alipomaliza alizikunja vizuri, akasema, "Kumbe sikuwa kichaa." Halafu akasema, "Unajua kibaya ni nini, Lorna? Nilikuwa nimeshakuzoea kukuchukia. Ilikuwa inanisaidia kuamka. Sasa nianze upya na mwingine?" Nikamwambia hata mimi. Tulicheka, si kicheko kizuri. Kisha akalia, na mimi nikamshika mguu ambao haunisikii.

Bi Maureen alinisindikiza hadi kwenye gari. Alisimama akichezea ufunguo wangu mkononi kabla ya kunipa. Hatimaye akasema, "Lile bakuli lako ninalo. Nimelitumia." Ndiyo radhi niliyopata kwake, na ninaichukua.

Ferdie aliitisha watu klabuni akawasomea maelezo uliyosaini. Mimi sikwenda. Nasikia hakuna aliyepiga makofi.

Sasa kuhusu kurudi mahali nilipokuwa tarehe kumi na moja Mei. Macho yameshatakata, kifundo kimefunguliwa plasta Jumatatu, na daktari hajaniruhusu kuruka mpaka Desemba. Lakini nimeurudia ubao gereji. Nilidhani ni jambo dogo: uongo umejulikana, nitauacha. Nikalala, nikaanza kugeuka, na mkono wa kulia ukakimbilia kifuani wenyewe. Nikajaribu tena. Ukakimbia. Nilikuwa nauambia kwa sauti, "Kaa, kaa," kama namwambia mbwa, na bado ulikimbia. Mwili wangu haujasoma barua yako, Clem. Kwake wewe bado ni mwalimu.

Mara hamsini kila asubuhi, kwa zaidi ya miezi miwili. Nimepiga hesabu, nikaacha. Jana, katika mara hamsini, ulibaki wazi mara mbili. Leo mara mbili pia. Sijui Desemba nitakuwa na ngapi, na sijui kama mara arobaini na tisa zinatosha kupanda ndege karibu na binadamu mwenzangu. Ferdie anasema atanifuata mita mia moja nyuma kwa mwaka mzima kama ikibidi.

Sikuandikii kwa sababu nimekusamehe. Nakuandikia kwa sababu Kirra ameipata barua yako na anataka kukuona. Si kwa barua, kwa macho. Anataka umwambie vilevile ulivyoniandikia mimi, jikoni, bomba, ulimi, yote, ukiwa umemtazama, na yeye akiwa amesimama. Amekuwa akijizoeza kusimama dakika kumi kwa ajili hiyo. Nilimwambia si lazima. Akaniambia nifunge mdomo.

Jumapili ijayo basi la kutoka Perth linafika hapa saa tano asubuhi. Najua huwezi kuendesha, na kutoka kituoni hadi kwao ni kilomita kumi na nane, hakuna usafiri. Nitakuja kukuchukua. Usiniletee kitu, usianze kuongea.

Utakaa kiti cha nyuma.

Lorna Petchell